Sitaha Isiyoteleza ya Shemeji Soli

Duniani kuna watu watatu wanaofahamu kwa nini binadamu huteleza, na shemeji yangu ni wawili kati yao. Wa tatu bado hajazaliwa, na akizaliwa itabidi aje kwa shemeji kuchukua mafunzo!

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ameuza viatu miaka kumi na tisa katika duka lenye vioo vitatu na kiti kimoja, na mtaa mzima humwita Soli. Ukiingia kununua kandambili, unatoka na hotuba. Atakipindua kiatu, akuonyeshe mifereji yake kama jenerali anayeonyesha ramani ya vita, kisha akuulize kwa upole mara ya mwisho ulianguka lini.

Mtu huyo ndiye aliyeanguka mashuani mwaka jana mbele ya kilabu kizima cha mashua.

Mashua ni ya dada. Ni ndogo, ya tanga moja, inachukua watu watatu. Dada hushika usukani. Mimi husimama karibu na mlingoti, navuta kamba nikiambiwa vuta, nalegeza nikiambiwa legeza. Kazi ya Soli ni kuwa mzito. Hukaa ukingoni upande unakotoka upepo ili mashua isilale, na dada akigeuza chombo yeye huhamia ukingo wa pili kwa kujiburuta kwa makalio chini ya boriti ya tanga. Basi, ndiyo kazi yote.

Mwaka jana, tukiwa tumebakiza mita mia tushinde, aliona kujiburuta si heshima ya mtu mzima. Akasimama ahame kwa miguu. Akateleza, akaketi kwa kishindo, na katika kutafuta pa kujishikiza akashika kamba inayoshusha tanga. Tanga likaja lote, likamfunika kama maiti. Tulimaliza wa mwisho, tukisukumwa na mawimbi na huruma za watu.

Kwa hiyo msimu huu dada aliweka sharti. Rangi ya sitaha ilikuwa imezeeka na kuwa laini kama sabuni iliyolowa. Soli aitengeneze upya, aipake rangi isiyoteleza, iwe tayari kabla ya mashindano ya kwanza, Jumapili. Kama Jumapili hiyo mtu yeyote angeteleza, hata kidogo, nafasi ya Soli ingekwenda kwa Mama.

Mama huyo ni mama mzazi wa Soli. Ana miaka sitini na minane, aliwahi kuwa mkunga, na alijiunga na kilabu baada ya kustaafu kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno. Hufunga fundo kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kikombe cha chai. Aliposikia sharti hilo alienda tu kununua glavu za kushikia kamba.

"Na asipoteleza mtu?" Soli aliuliza.

"Nafasi ni yako msimu mzima," dada akamjibu.

Mwanamume akavimba kifua hadi kifungo kikalalamika.

Kusema kweli, maandalizi aliyafanya vizuri. Jumatatu tulifungua vyuma vyote vya sitaha, na kila parafujo ikalala ndani ya boksi lake la viatu, imeandikiwa namba. Jumanne tuliosha kwa sabuni, tukafuta mafuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, tukaziba nyufa. Jumatano ilikuwa siku ya msasa. Tulisugua asubuhi hadi jioni, na vumbi likamkaa Soli kope, masikio na masharubu, akawa kama sanamu ya shujaa aliyesahauliwa na taifa lake. Hata fundi wa mashua, mzee anayeongea huku penseli ipo mdomoni, alipitisha kiganja juu ya mbao na kukiri kwamba hapo pana kazi.

Angekomea hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia!

Fundi alitoa maelekezo yake taratibu. Paka rangi, kisha nyunyiza juu yake mchanga huu laini kwa chekeche wakati rangi bado mbichi. Ikikauka, fagia uliobaki, upake rangi mikono miwili mingine juu yake ili makali yafe. Na kingo ambazo watu hukalia, zibandike utepe wa karatasi kwanza, zibaki laini. Akamkabidhi mfuko wa mchanga na kwenda zake kula.

Soli alichota mchanga ule, akausugua kati ya vidole, akacheka kwa masikitiko.

"Hii ni poda ya mtoto," alisema.

Akatoweka. Aliporudi alikuwa amebeba ndoo nzima ya chenga za mawe kutoka kwa mchonga mawe wa mtaa wa nyuma. Chenga zilimetameta. Kila moja ilikuwa na pembe zaidi ya ilizohitaji.

Nilimkumbusha habari ya mikono miwili ya kuua makali. Akanijibu kwamba mtu hanunui simba ili amng'oe meno. Nikamkumbusha kingo za kukalia. Hapo aliweka brashi chini, akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyeomba viatu viwili vya mguu wa kushoto.

"Shemeji, mwaka jana nilipoteleza, niliangukia nini?"

"Makalio."

"Basi na yenyewe yanahitaji ulinzi."

Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo, nikashindwa kuipata kwa wakati. Alipaka sitaha yote, akamwaga chenga zote, kutoka mbele hadi nyuma, kingo kwa kati, hakubakiza hata mahali pa kuweka kikombe.

Jumamosi tulifanya majaribio. Soli alimwaga maji, akamwaga sabuni, akamwaga mafuta ya kupikia, kisha akacheza juu yake dansi ya mguu mmoja. Hakusogea hata unywele! Paka wa fundi alipanda, akapiga hatua mbili, akasimama akafikiri maisha yake, akarudi alikotoka kwa ncha za kucha. Fundi mwenyewe alitazama, akaihamisha penseli upande wa pili wa mdomo, akasema kuing'oa rangi hiyo ni kazi ya mwezi, na kilabu hakipandishi mashua nchi kavu hadi msimu uishe.

Dada aligusa ukingo kwa kiganja. Halafu akakitazama kiganja.

"Hapa pa kukaa mbona hivi?"

"Usalama," Soli akasema.

"Haya. Anayekaa ni wewe."

Jumapili Soli alikuja na suruali nyeupe mpya, imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Alisalimia watu wa mashua nyingine mmoja mmoja, akiwaalika waje baadaye kupapasa sitaha yake. Mama alikuwa gatini, na glavu zake mkononi, tayari kwa lolote.

Tukaondoka. Upepo ulikuwa mzuri, nasi tulipaswa kuukabili kwa kwenda kombokombo, tukigeuza upande kila mara, hadi tufike kwenye boya. Dada akasema, "Hama!" na Soli akahama.

Ukasikika mlio wa kitu kinachochanika. Dada aliinua macho kwa hofu kulitazama tanga. Tanga lilikuwa zima.

Mara ya pili mlio ulikuwa mfupi zaidi. Mara ya tatu haukuwapo, maana hapakuwa tena na kitambaa cha kuutoa. Ulikuja mlio mwingine, na huo ulitoka kwa Soli mwenyewe. Nilimuuliza kama yuko salama. Akanijibu, huku macho yameelekea upeo wa bahari, kwamba hajateleza.

Mageuzo yalikuwa kumi na moja! Kila mara dada aliita, na kila mara yule bwana alivuka na kubandikwa ukingo wa pili kama stempu kwenye bahasha. Na hapo ndipo palipokuwa na maajabu: kwa kuwa alishikika pale asisogee hata inchi, mashua ilisimama wima kuliko zote. Wengine walikuwa wakiserereka kwenye sitaha zao kama samaki sokoni. Sisi tulikata maji, tukazunguka boya, tukashinda.

Kilabu kizima kilipiga makofi. Tukaitwa jukwaani kupokea kombe, wote watatu. Dada akashuka, nami nikashuka. Soli alibaki ameketi, anatabasamu kwa meno tu.

"Inuka, tunaitwa," dada alimwambia.

"Nyinyi tangulieni."

Alipanda jukwaani mwishowe, akitembea kwa ubavu, ndoo ya mashua ameishika nyuma kwa mikono miwili. Alipopewa mkono na mwenyekiti, alilazimika kuachia mkono mmoja. Waliokaa safu za nyuma ya jukwaa hawajaacha kulisimulia jambo hilo hadi leo.

Baada ya nusu saa alikuwa amelala kifudifudi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, na Mama anampaka dawa bila haraka, kwa mikono iliyowahi kupokea watoto wa nusu ya mji. Soli alinong'ona kwamba amefikiri sana. Kwamba Jumapili ijayo, na nyingine zote, yuko radhi kumwachia mzazi wake nafasi. Kwa heshima.

"Kuna aliyeteleza?" Mama aliuliza.

"Hakuna, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi nafasi umeipata kwa haki, mwanangu, tena msimu mzima. Mimi si mtu wa kumdhulumu mtoto wangu." Akazichukua glavu zake benchini, akazikunja vizuri, akazitia mkobani.

Soli aligeuza shingo, sehemu pekee iliyokuwa bado inageuka, akamtafuta mkewe mlangoni. Akaomba angalau aruhusiwe kukalia mto.

"Mto unateleza," dada akasema.

Naye, kwa kuwa ni bingwa wa mambo hayo, hakuweza kubisha.