Kioo cha Wilf Sugden, Mlinzi wa Mkia

Njoni, enyi mabwana na mabibi, njoni karibu na jiko hili la makaa. Na wewe uliyekuja kutafuta joto tu, nawe kaa kitako, maana joto utalipata na habari utaondoka nayo. Fungeni mlango, upepo wa Yorkshire hauna adabu. Nitawasimulia vita ambavyo vitabu vikubwa vimevisahau kwa uvivu wao: vita vya Sajini Wilf Sugden, mwana wa muuza samaki wa Batley, Jicho la Tai, Bwana wa Rashasha Nne, Mtazama-Nyuma asiyesinzia, alipopambana na kipande cha kioo kisichozidi upana wa sinia, akakishinda. Nawe, ewe chupa ya chai, uliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, uliyenimwagikia mapajani katika kila tukio kuu la zama zetu, nisaidie nisiruke kitu. Mimi ni Percy Tranter, mtu wa redio wa ndege yake, na suruali yangu ni shahidi.

Wakati wa vita na Wajerumani ndege yetu ya mabomu ilikuwa Halifax, pandikizi la Kiingereza lenye injini nne, na ndani yake tulikuwa watu saba. Katika jeshi la Mfalme kila kitu huamriwa, hata namna ya kukunja blanketi. Lakini nani aruke na nani, hilo halikuamriwa. Walitukusanya katika banda moja, marubani, wapiga rashasha na watu wa redio, wakatuambia, "Chaguaneni," wakaenda zao. Tukazungukana kwa aibu kama vijana kwenye ngoma ya kwanza. Mimi ndiye niliyemchagua Wilf. Alikuwa amesimama peke yake, mrefu, masikio yamemchomoza, akasema bila kumwambia mtu yeyote, "Gari la chai linakuja." Sote tukatazama nje, na hakukuwa na kitu ila ukungu juu ya uwanja mtupu. Tulipokuwa bado tunamcheka, gari likatokea. Nikamshika mkono nikampeleka kwa Nahodha Hubert Ollerenshaw, rubani mfupi mpana wa Oldham mwenye sauti ya mhubiri, nikamwambia, "Macho yetu haya hapa."

Sasa, mlinzi wa mkia hukaa peke yake mwisho kabisa wa ndege, katika kizimba cha kioo, mgongo wake kwa wenzake na uso wake kwa maadui. Akilia "Pinduka!" nahodha haulizi kwa nini. Huiangusha ndege upande kama gunia lililoponyoka mabegani mwa kuli, kisha huiinua kwa upande wa pili, ili adui ajikute anapiga risasi mahali pasipo na mtu. Neno la mlinzi huyo ni amri juu ya amri, na ndiyo sababu lazima liwe la kweli.

Basi majira ya baridi yalipoingia, Jicho la Tai likaanza kuona majini, yaani maadui wasiokuwapo. Juu ya bahari alilia "Pinduka!" tukapinduka, na hapakuwa na mtu. Juu ya Uholanzi alilia tena, tukapinduka tena, chai ikanipata magotini, na hapakuwa na mtu. Mara ya tatu tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani, tumeshauona mnara wa kanisa la kijiji, mimi nimejimiminia kikombe cha shukrani. Sitasema chai ile ilinipata wapi, kwa kuwa mabibi wapo.

Kesho yake Nahodha akamsimamisha Wilf mbele yetu sote, akatoa hotuba.

"Wilf, ndugu yangu, sikiliza. Nakupenda. Mama yangu anakupenda, na hajakuona hata siku moja. Lakini nimeipindua ndege hii juu ya bahari kwa ajili ya hewa, nimeipindua juu ya Uholanzi kwa ajili ya hewa, na jana nimeipindua juu ya kanisa letu wenyewe kwa ajili ya hewa hiyo hiyo, na leo asubuhi kasisi ameniuliza kama nilikuwa nimelewa. Sasa kesho mchana tuna zoezi. Ndege ndogo ya wenzetu itatuvamia kwa mchezo, tuone kama tuko macho. Ukitoa kilio cha uongo hata kimoja, kimoja tu, nakwenda kwa mkuu kuomba mlinzi mwingine, Cotterill."

"Cotterill anakoroma, Nahodha."

"Anakoroma akiwa chini. Akiwa juu yuko macho."

Wilf akawa mweupe kama ukuta wa zahanati. Maana mlinzi asiye na wenzake huwa mtu wa akiba: leo anaazimwa na hawa, kesho na wale, anakula mayai yake asubuhi na watu wasiojua kama anatia sukari katika chai. Wajerumani Wilf aliwaogopa kiasi. Hilo alikuwa analiogopa kweli, na mimi niliyemchagua niliona vibaya mno, hata nikasahau suruali.

Daktari akamchunguza macho. Wilf akasoma mistari yote ya ule ubao wa herufi, kisha akasoma na jina la mpiga chapa pembeni. Macho yalikuwa mazima. Basi lipi lilikuwa kosa?

Alasiri hiyo nilimkuta mkiani akifanya alichofanya kila siku ya Mungu: kung'arisha kioo. Walinzi wote hung'arisha, kwa sababu doa dogo kwenye kioo usiku hufanana na ndege iliyo mbali. Lakini Wilf, aliyelelewa nyuma ya kaunta ya samaki inayometameta, hakuridhika na kitambaa. Alikuwa na kile kikopo ambacho sote tulikuwa nacho, dawa ya kung'arishia vifungo vya shaba, tuliyoitumia kila asubuhi kwa hofu ya sajini meja. Kila alipoona jini alikisugua kioo zaidi. Na kila alipokisugua zaidi, majini yakaongezeka.

"Hebu ingia, Percy," akaniambia kwa majivuno ya huzuni. "Kaa hapo uone kazi ya mikono. Wakinifukuza, angalau Cotterill atakuta kioo safi."

Nikaingia, nikakaa. Jua la Februari lilikuwa chini, limeegemea ua wa miti wa shamba la mzee Hebblethwaite. Na hapo, naapa kwa mkate nilioula, nikamwona adui! Ana mabawa, ana pua, anatujia moja kwa moja juu ya ng'ombe wa watu. Mimi Percy Tranter, niliyewahi kumcheka mwenzangu, nikapaza sauti, "Pinduka! Pinduka kushoto!" ndani ya ndege iliyoegeshwa, isiyo na rubani, magurudumu yake yamewekewa magogo, nikajitupa chini, na kichwa changu kikakutana na bunduki ya Mfalme.

Nilipoinuka, adui alikuwa bado yupo. Nikasogeza kichwa kulia, naye akaenda kulia. Nikarudi kushoto, akarudi. Kumbe kile hakikuwa kioo cha dirisha la nyumbani. Kilikuwa plastiki, laini, na dawa ya shaba ilikuwa imekichora mikwaruzo midogo ya duara, maelfu kwa maelfu, na mwanga ulipoipiga ikajikusanya ikawa kila kitu unachokiogopa.

"Wilf," nikasema, nikiishika nundu yangu, "huyo adui yumo ndani ya kioo. Na wewe ndiye umekuwa ukimlisha."

Kelele zangu zilikuwa zimemleta Koplo Maudie Scruton, mtunza bunduki wetu, mwanamke mwenye mikono myeusi kwa grisi na ulimi usio na breki. Akachungulia, akapiga mbinja.

"Jamani! Umekisugua mpaka umekipofusha, mpenzi."

"Nimekitunza kama mtoto!" Wilf akasema, na sauti ikamkatika.

"Ndiyo, naona, na mtoto ameharibika. Na ghalani hakuna kingine mpaka maua yachanue."

"Basi nimekwisha. Mwambieni Cotterill aje."

"Acha kulia lia, wewe. Tunakikata, na mahali pake hatuweki kitu."

"Hatuweki kitu? Maudie, upepo utaingia!"

"Uingie. Upepo hauna mikwaruzo."

Maneno makubwa yalikuwa yamesemwa. Lakini mali ya Mfalme haikatwi bila ruhusa. Maudie akamfuata afisa wa silaha, akamkuta anavaa koti aende kunywa chai, akamweleza neno kwa neno. Afisa akaitazama dari kwa muda. "Koplo," akasema, "masikio yangu leo yameziba kabisa, sikusikia hata neno moja. Nadhani yatazibuka baada ya chai. Na leo nitakunywa chai polepole."

Ndipo shujaa akapanda ngazi. Mkononi ameshika msumeno wa chuma, mwembamba, mkali, mkongwe wa vita vingi vya mabomba ya jikoni. Nyuma yake Maudie ameshika taa, na mimi nimeshika ngazi, maana kila jeshi huhitaji mtu wa kushika ngazi. Akakiwekea kioo kiganja, akakiambia, "Nisamehe, mzee. Nilikuwa sijui." Kisha akaanza. Kioo kikapiga yowe lililowaamsha mbwa wa mzee Hebblethwaite, na mpishi akatoka jikoni na upawa wake akidhani nguruwe anachinjwa bila yeye kuitwa. Meno ya msumeno yakavunjika, Maudie akaleta mengine. Vidole vya shujaa vikachubuka, akavifunga leso akaendelea. Jasho likamtoka katika baridi iliyokuwa inagandisha madimbwi. Mwishowe kona ya nne ikaachia, adui akaanguka kutoka ngome yake ya juu, akatua matopeni chali bila hata kupasuka. Wilf akachungulia katika tundu lile. "Percy," akasema taratibu, "naona mpaka kope za ng'ombe."

Kesho yake mpishi alimpaka Wilf mafuta ya nyama usoni ili asigande, naye Wilf akapanda ndegeni akinuka kama chakula cha Jumapili. Tukaruka. Mimi nikakijaza kikombe changu chai mpaka ukingoni, kwa makusudi, nikakiweka mezani ili historia isije ikasema sikuwa tayari.

Tukasubiri. Ndege ya mchezo haikuonekana. Katika simu ya ndani hapakusikika ila meno ya Wilf yakigongana.

"Mkiani, umelala?" Nahodha akauliza.

"S-sijalala, Nahodha. Naona ng'ombe. Naona kanisa. Naona m-mzee kwenye baiskeli, na tairi lake la nyuma halina upepo."

"Sikukuuliza habari za mzee."

Tukasubiri tena. Nikakitazama kikombe, nikakiombea.

"Nahodha," Wilf akasema. "Ipo nukta."

Nilisikia watu sita wakivuta pumzi kwa pamoja.

"Nukta gani, Wilf?" Nahodha alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko makelele. "Fikiri vizuri, ndugu yangu. Si doa la kwenye kioo?"

"Kioo hakipo, Nahodha."

Nahodha akaushika usukani kwa mikono miwili: "Endelea."

"Iko ndani ya jua. Inakua... Ngoja kwanza. Ngoja... Ina mabawa. Ngoja... Pinduka kushoto! Sasa hivi!"

Na Hubert Ollerenshaw, aliyedanganywa mara tatu, akapinduka bila kuuliza. Dunia ikalala ubavu. Ndege ndogo ikapita ikinguruma pale pale tulipokuwa, imekosa hata kugusa kivuli chetu. Na chai yangu, enyi wasikilizaji, chai yote, ikapaa ikatua mapajani mwangu ingali ya moto. Nikapiga kelele za furaha. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, chai yangu ilikuwa imemwagika kwa haki!

Tulipotua, rubani wa ndege ile ndogo, Mpolandi mwenye masharubu, alikuja akitembea kwa hasira. "Nilitoka ndani ya jua," akasema. "Hakuna anayeniona nikitoka ndani ya jua. Nani kaniona?"

Tukamshusha shujaa kutoka kizimbani, maana miguu ilikuwa imekataa. Mafuta yalikuwa yamemganda usoni, kope zina barafu, na puani amening'iniza kijiti cha barafu kirefu. Watu wa uwanja wakakusanyika: mafundi, mpishi, Maudie, hata afisa wa silaha ambaye masikio yake yalikuwa yamezibuka, sasa anamweleza kila mtu kwamba wazo la kukata alikuwa nalo siku nyingi. Tukamzunguka Wilf tukingoja hotuba ya ushindi. Midomo yake ikatikisika. Akainua mkono, akaonyesha kidole mbali, mwisho wa uwanja, kwenye ukungu.

"Chai," akasema.

Nahodha akakunja uso akatazama. Sote tukatazama. "Pale hakuna kitu, Wilf."

"Ngoja kwanza."

Safari hii hakucheka mtu. Tukasimama pale kwenye baridi, tukangoja, na taratibu pua ya gari la chai ikajitokeza.

Nahodha akalifuata mwenyewe. Kikombe cha kwanza ni cha nahodha, ndiyo desturi ya uwanja ule. Akakichukua, akatia vijiko viwili vya sukari bila kuuliza, akarudi akamshikisha Wilf kwa mikono miwili. "Kunywa," akasema. "Na Cotterill akoromee kwingine."

Wilf akainamisha kichwa anywe, na kile kijiti cha barafu kikamponyoka puani kikaanguka kikombeni, chubwi. Akainywa hivyo hivyo.

Basi iandikwe, na watakaokuja wasome: katika mwezi wa Februari, huko Yorkshire, shimo moja lilikatwa katika dirisha moja, na mtu mmoja akabaki na watu wake. Kioo chenyewe Maudie alikiokota matopeni, akafunikia miche yake ya kabichi. Anasema ilistawi sana, ila kunguru hawakuthubutu kuisogelea hata siku moja.