Kituo Namba 212 Kilichomo Sebuleni Mwangu

Ndugu Mkurugenzi wa Mabasi ya Jiji,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia nikiwa kituoni. Tangu mlipounganisha orodha yenu ya vituo na ile ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, kituo namba 212 kimehamia sebuleni mwangu, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya marehemu mume wangu. Kibao chenu bado kimesimama barabarani, hatua arobaini kutoka mlangoni, lakini siku hizi nani anaamini kibao wakati ana simu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Abiria wanaingia. Ni watu wa adabu, wanapiga hodi na kuvua viatu. Jana muuguzi mmoja aliniuliza, "Shikamoo mama, la saa moja limeshapita?" Nikamjibu marahaba mwanangu, humu halijapita tangu nyumba ijengwe. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaiamini simu. Akakaa.

2. Ripoti yenu ya mwezi inasema mabasi yalisimama kituo 212 mara mia tisa, yote kwa wakati. Mimi huwa nipo. Sijaona hata tairi.

3. Nilipopiga simu ofisini kwenu, karani alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mama, kompyuta ikudanganye ili iweje? Una hakika nyumba haijasogea?" Nilitoka nje kuangalia. Haijasogea. Mwishowe akaniahidi kwamba orodha mpya ya tarehe moja itakirudisha kituo barabarani.

4. Kabla ya hiyo tarehe moja, amekuja mkaguzi wenu na tepu ya chuma. Amepima na kuandika kwamba ukuta wangu umejengwa ndani ya kituo, na kochi linazuia abiria. Nimepewa siku thelathini za kujieleza. Nampongeza, kwani ndiye mtumishi wenu wa kwanza kufika kituoni.

Shemeji yangu anasema kosa ni la wale wa kujitolea, eti kazi ya bure haina mwenyewe. Hilo nalikataa. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi nguo, na kila Jumapili alivizungukia vituo kwa miguu, tepu yake shingoni kwa mazoea, nami nikimshikia mwavuli. "Ukikosea hatua kumi," alikuwa akisema, "kuna bibi atalikosa basi." Mtu wa namna hiyo haweki kituo sebuleni. Kwa hiyo kosa ni lenu.

Na kama ofisi haikosei, basi tekelezeni mlichoandika. Leteni benchi. Leteni kibanda cha mvua, maana paa langu linavuja upande huo huo. Kisha leteni basi. Dereva apitie mlango wa uani, wa mbele ni mwembamba, na afute matairi. Jikoni atapata pa kugeuzia, nikisogeza jiko.

La sivyo, tarehe moja kiondoeni.

Msalimie karani, mkaguzi, na kompyuta ikiwa ina muda.

Wako mwenye subira,
Mjane wa fundi nguo, Kituo 212

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nilimwomba yule muuguzi, ambaye leo pia yupo hapa akisubiri, anifungulie historia ya ramani nipate ushahidi wa kuambatanisha. Ramani ile hutunza jina la kila aliyegusa kitu. Aliyekihamisha kituo si ninyi; kompyuta yenu ilichukua tu badiliko la karibuni zaidi. Ni mume wangu, siku nne kabla hajafa, miguu ikiwa imeshakataa. Kwenye nafasi ya sababu ameandika: "Abiria mmoja yuko hapa. Hawezi tena kufika barabarani."

Tafadhali, kwenye orodha ya tarehe moja irukeni 212, kituo kibaki hapa hapa. Na mkaguzi mwambieni ukuta nitaubomoa mwenyewe.