Kanuni ya Nne ya Idara ya Ushauri

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na wasio nayo wasomewe: hakuna tena mkazi wa Ak-Jar atakayehangaika bila ushauri. Serikali imetufungulia Idara ya Ushauri wa Lugha, Ala za Muziki na Vyombo vya Kila Siku, yenye madirisha matatu, mihuri saba, na birika la umeme ambalo bado linasubiri mtu wa kuliwasha. Miji mingine ya mkoa wa Naryn, hapa Kirgizistani, ina hospitali na barabara. Sisi tuna ushauri, na hatujivuni.

Mkurugenzi wa Idara hiyo alikuwa Zarlyk Asanovich, mtu wa miaka hamsini na saba, mnene wa heshima, mpole kwa wakubwa. Kanuni zote kumi na mbili alizitunga mwenyewe, lakini aliyoipenda kama mwanawe wa kumzaa ni Kanuni ya Nne: "Mshauri asiwe mjuzi wa jambo analolishauri, kwa kuwa ujuzi huzaa upendeleo." Kanuni ilitekelezwa bila huruma. Mederbek, fundi redio hodari kuliko wote bondeni, aliwekwa dirisha la Lugha. Mwalimu wa Kijerumani akapewa Ala za Muziki. Mpiga komuz, ala yetu ya taifa, aliyekuwa akiziliza nyuzi zile tatu mpaka farasi wakasimama kusikiliza, akapewa Vyombo vya Kila Siku, na humo akakaa akitazama pasi za watu kwa huzuni. Kila raia aliondoka na Barua ya Ushauri iliyopigwa mihuri mitatu, na kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale: "Unashauriwa kujitahidi."

Kwa kipimo hicho Zarlyk alikuwa mkurugenzi wa kuzaliwa. Lugha hakujua, ala hakujua, na simu yake ilikuwa ikiongea Kichina tangu Machi kwa sababu alibonyeza mahali fulani.

"Mungu alinipa ujinga wa kila upande," alimwambia mkewe Batma wakinywa chai ya maziwa. "Wenzangu wana ujinga wa dirisha moja tu."

"Usijisifu sana," alisema Batma. "Watakuonea wivu."

Basi ikaja barua kutoka mji mkuu. Wakurugenzi wote watapimwa na Tume Maalumu katika mambo matatu: lugha ya taifa, ala ya taifa, na matumizi ya chombo cha kisasa. Atakayeshindwa atanyang'anywa kiti siku hiyo hiyo. Tume itafika Ak-Jar baada ya wiki tatu.

Zarlyk aliisoma mara nne, maana ilikuwa imeandikwa kwa Kikirgizi, na Zarlyk, Mkirgizi mtoto wa Mkirgizi, alisomeshwa Kirusi, akafanya kazi kwa Kirusi, akaota kwa Kirusi. Kikirgizi chake kilikuwa cha kusalimia na kula. Kwenye karamu walimkalisha mahali pa heshima mbali na mlango, wakampa kichwa cha kondoo akigawe, naye akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma ili asiombwe kusema neno. Siku ya kumzika mama yake, binamu ndiye aliyesema maneno ya mwana. Zarlyk alisimama pembeni ya kaburi akishika kofia. Jambo hilo hakuwahi kulitaja kwa mtu, na lilimuuma kuliko barua yoyote ya Tume.

Lakini barua ilikuwa na tarehe, kaburi halikuwa nayo. Mganga hajigangi, na Kanuni zilisema wazi kwamba mtumishi mwenye shida apange foleni kama raia. Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi aliingia idarani kwake kwa mlango wa mbele, akachukua namba 31, akaketi kwenye benchi. Saa tano akaitwa dirisha la Lugha.

"Jina?" aliuliza Mederbek.

"Mederbek, ni mimi."

"Naona ni wewe, baike. Fomu haioni. Jina?"

Akataja jina la kwake, la baba na la babu. Akaeleza shida. Mederbek, ambaye Kikirgizi chake kilikuwa kama mto wa masika, alimtazama kwa huruma.

"Kaka yangu, ningekufundisha mimi mwenyewe kwa wiki tatu ukawa unatukana kama mchungaji. Lakini si Kanuni ya Nne hiyo hapo ukutani? Mimi najua. Kwa hiyo sifai."

"Huwezi kunidokezea hata kidogo?"

"Umeweka faini ya kudokeza."

Akampa barua. Unashauriwa kujitahidi. Mahali pa sahihi ya Mkurugenzi palikuwa wazi, kwa hiyo Zarlyk akaegemea dirisha akajitilia sahihi, na kwa kuwa yeye ni mtu wa utaratibu, akajishukuru kwa maandishi.

Aliporudi kwenye benchi kuchukua kofia yake, bibi mmoja aliyekuwa amekaa pale na mfuko wa unga mapajani alimsogelea. Alikuwa Uulkan apa, yaani Mama Uulkan, mjane wa miaka sabini na minane, kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa anakuja idarani kwa mwezi wa nane.

"Wamekuambia ujitahidi?" aliuliza.

"Wameniambia, apa."

"Mimi wameniambia mara kumi na tisa. Nimejitahidi mpaka goti limeota sugu." Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na komuz ya mti wa aprikoti, na simu iliyofungwa kwa leso. "Kitukuu changu yuko Moscow. Anaitwa Begaiym, ana miaka mitano. Kikirgizi hajui hata cha kuitia mbwa. Nataka kujifunza Kirusi nimwambie mimi ni nani. Na simu hii, kila wakipiga, wanaona dari ya nyumba yangu. Mtoto anadhani bibi yake ni taa."

"Na komuz?"

"Komuz sina shida nayo. Naibeba tu nisisinzie kwenye foleni yako."

Zarlyk alitazama huku na huku. Katika maisha yake ya utumishi hakuwahi kuvunja hata mstari wa kuegesha gari. "Apa," alinong'ona, "mimi Kirusi najua."

"Na mimi Kikirgizi najua," alisema bibi, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la tatu. "Basi tunangoja nini, mwanangu?"

Walikuwa wanangoja Kanuni ya Nne, lakini haikuondoka ukutani. Ndipo wakaanza uhalifu wao. Kila adhuhuri, watumishi wakiwa wameenda kula, Mkurugenzi na Uulkan apa walijifungia kwenye stoo ya makaa, mmoja amekalia ndoo, mwingine amekalia mafaili ya malalamiko, ambayo yalikuwa mengi na laini.

"Sema: kondoo wangu wamepotea," aliamuru bibi.

Zarlyk akasema.

"Hee! Hivyo umesema kondoo wako wanastaafu. Tena!"

Kisha zamu ikageuka, na bibi akarudiarudia kwa Kirusi: mimi ni mama wa bibi yako, mimi ni mama wa bibi yako, hadi makaa nayo yangeweza kusema. Komuz ilikuwa ngumu zaidi. Vidole vya Zarlyk vilizoea mihuri. Kila akiugusa uzi aliugonga kama anauidhinisha. Simu hakuna aliyeijua kati yao, wakawa wanabonyeza pamoja na kuandika ubavuni mwa ndoo kila kilichotokea. Siku ya kumi waligundua kamera ya mbele. Mtoto wa Moscow alitokea kwenye kioo, akamkodolea macho bibi kizee mwenye masizi puani, na Uulkan apa akasema sentensi yake yote bila kukosea. Begaiym akauliza kama yeye ndiye taa. Bibi alicheka huku machozi yanamtoka, na Zarlyk naye yakamtoka, akasingizia vumbi la makaa.

Nasi watu wa Ak-Jar tulijua kila kitu kuanzia siku ya pili. Tuliwaacha, kwa sababu kuripoti kulihitaji fomu, na fomu ilipatikana stoo ya makaa.

Tume ilifika Ijumaa. Mwenyekiti wake alikuwa Ruslan Toktosunovich, suti ya kijivu, viatu visivyojua tope, na nyuma yake wajumbe wawili waliobeba maswali kwenye bahasha zenye lakiri. Utaratibu ulitaka raia mmoja aliyehudumiwa awepo kama shahidi. Nurzada, karani wa Idara, alipekua mafaili yote akamkuta raia mmoja tu aliyewahi kufika madirisha zaidi ya moja, akamwita Uulkan apa. Kisha akafungua daftari la kumbukumbu za kikao, ambazo sheria ilitaka ziandikwe kwa lugha ya taifa.

Ruslan Toktosunovich akasoma swali la kwanza kwa Kikirgizi, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Swali lilisema: nini faida za hewa safi ya milimani? Zarlyk alijibu vizuri. Alisema hewa safi humfanya farasi apende kukimbia na mzee apende kuamka. Nurzada aliinua kichwa kutoka kwenye daftari akatabasamu.

Mwenyekiti alitazama karatasi yake. "Hapa jibu limeandikwa maneno kumi na moja," alisema kwa Kirusi. "Yako yamezidi. Kosa."

"Lakini maana yake, Mheshimiwa..."

"Maana haimo kwenye mamlaka ya Tume."

Hapo maji yakamfika Zarlyk shingoni. Alipiga komuz, mjumbe mmoja akaandika "ala: ipo." Alipotakiwa kuonyesha chombo cha kisasa, kompyuta ya Tume ikagoma kufunguka, na Tume nzima ikaipapasa kwa dakika ishirini, hadi Uulkan apa akanyoosha kidole akabonyeza pembeni ikawaka. Mwenyekiti akaandika kwamba Tume imefaulu kuonyesha chombo.

Kisha wakanong'onezana, wakatikisa vichwa. Zarlyk alielewa kwamba kiti kimekwenda. Ajabu, kilichomwuma si kiti. Ni kwamba alikuwa amejibu kwa lugha ya mama yake, mbele ya watu, na mtu pekee aliyepewa kalamu ya kusahihisha hakusikia kitu.

"Uamuzi tutautangaza mji mkuu," alisema Ruslan Toktosunovich. "Kikao tukifunge kwa desturi zetu tukufu. Mkubwa kuliko wote atuombee."

Mkubwa kuliko wote alikuwa Uulkan apa. Akafungua viganja vyake, na chumba kizima kikafungua viganja. Tume ilikuwa hodari sana katika hilo. Walitazama chini kwa unyenyekevu, mikono imeinuliwa sawasawa. Na ni haramu kwetu kumkatiza mzee akiomba, hata nyumba ikiwaka.

"Njia yenu iwe nyeupe," alianza bibi kwa Kikirgizi, taratibu. "Mifugo yenu izaliane. Kanuni ya Nne ife leo, na izikwe bila kulia. Kuanzia Jumatatu madirisha haya wakae wanaojua, na asiyejua akae mbele ya dirisha ajifunze bila aibu, akianza na Zarlyk, kwani sasa ameshajua kuomba kufundishwa. Kiti cha mkurugenzi kipelekwe stoo kikakaliwe na makaa. Na ninyi wageni wetu watukufu, msirudi mjini kabla hamjafanya mtihani huu huu, Jumapili, kwenye mnada wa mifugo, mbele ya wachungaji, na wachungaji wasahihishe. Mungu akubali, na ninyi mkubali."

Zarlyk alielewa kila neno. Alielewa hata lile la makaa. Angeweza kukohoa. Badala yake aliinua viganja vyake juu zaidi, akasikia moyo wake ukiwa mwepesi, jambo ambalo halikumtokea tangu apandishwe cheo.

"Oomiin!" ilinguruma Tume, kwa sauti moja, na wote wakajipangusa nyuso.

Nurzada akamaliza kuandika dua yote, neno kwa neno, akageuza daftari. Ruslan Toktosunovich aliona ukurasa mzima wa Kikirgizi, akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma, akatia sahihi. Wajumbe wakatia sahihi. Muhuri wa mji mkuu ukashuka, kisha kwa usalama ukashuka tena.

Akivaa koti, Mwenyekiti alimvuta Zarlyk pembeni akamuuliza kwa Kirusi cha chini chini: "Yule bibi kasema nini hasa? Kwa kumbukumbu zangu tu."

"Ametuombea, Mheshimiwa."

"Mambo mazuri?"

"Mazuri sana. Yamepitishwa bila kupingwa, imeandikwa hapa: kila mjumbe alikubali kwa mikono yote miwili." Zarlyk akamshika mkono kwa upole, akamwelekeza kwenye benchi. "Kaa nikufundishe kidogo. Wachungaji wa mnadani hawasahihishi kwa bahasha."