Boti ya Mzee Ngumbao Haizami

Jumatatu, 4 Agosti

Leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Bi Nasiha anatafuta mwalimu wa sayansi kwa darasa lake la watoto wa likizo, kule Bondeni. Tumejitokeza wawili tu: mimi na Levi. Levi ni karani katika ofisi za reli, mtu wa bara, mwenye tai shingoni hata jasho likimchuruzika. Ana beseni. Ndiyo, beseni! Anatia maji, anatia vizibo vya soda, anawauliza watoto kipi kinaelea na kipi kinazama. Sayansi ya kufulia nguo!

Mimi nina mtandao. Nimeipata tovuti ambapo mtoto anavuta picha ya kitu kwa kidole, anakitumbukiza kwenye tangi la maji palepale katika simu, anajionea mwenyewe. Tena unaweza kuweka picha zako. Unaandika uzito wa kitu, unaandika ukubwa wake, basi. Hesabu inajifanya yenyewe.

Nikiipata kazi hii nitaitwa Mwalimu Shukri. Tangu duka langu la vifuniko vya simu lifungwe, baraza nzima ya mtaa wetu wa Kibokoni inaniita Shukri Mipango. Hata watoto. Nacheka nao, lakini linaniuma jina hilo.

Dada yangu Mejumaa, ambaye nakaa kwake, ameniuliza kama sayansi naijua. Nimemjibu kwamba mtandao unaijua.

Jumanne, 5 Agosti

Picha za tovuti hazifai. Bata wa mpira! Tufaha! Mtu wa theluji! Nani hapa anamjua mtu wa theluji? Nimezifuta zote, nimeweka vitu vya wazazi wenyewe. Mahamri ya Mama Trizah. Dafu la muuzaji wa kona. Kipande cha sabuni. Mbuzi ya Mejumaa ya kukunia nazi, ambayo imezama, naye amenuna mpaka sasa.

Na kilele cha yote: boti mpya ya Mzee Ngumbao. Mzee ndiye mwenyekiti wa wazazi, na yeye na Bi Nasiha ndio watakaochagua mwalimu. Boti ni ya faiba, imejengwa Liwatoni, ufukweni kwa wavuvi, haijaguswa na maji bado. Itashushwa baharini Jumamosi. Mzee akiiona inaelea mbele ya wazazi wote, ataweza kuninyima nini? Kumsifu mtu kwa maneno kila mtu anaweza. Mimi namsifu kwa sayansi.

Nimeweka na sauti. Kitu kikielea, yanasikika vigelegele vya Mejumaa, nilivyomrekodi harusini bila yeye kujua. Kikizama, nasikika mimi: "Kimezama! Pole sana!" Kisha nacheka. Watoto wanapenda kicheko.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeharibu. La, sikuharibu. Pametokea hitilafu.

Wazazi walijaa ukumbini baada ya alasiri kutupima mimi na Levi. Levi alianza na beseni lake, wakampigia makofi ya adabu. Kisha projekta yangu. Mahamri yakaelea, vigelegele! Dafu likaelea, vigelegele! Mejumaa alikuwa safu ya nyuma, akainuka kutazama nani anapiga vigelegele kwa sauti yake. Nikajua nimeshinda. Nikamwita Sidi, mjukuu wa Mzee Ngumbao, nikamwambia aitie majini boti ya babu yake.

Ikaenda chini kama jiwe. "Kimezama! Pole sana!" Kisha kicheko. Mtandao ukakwama papo hapo, sauti ikawa inajirudia. Pole sana, kicheko. Pole sana, kicheko.

Hapa kwetu boti ambayo haijashushwa hutaji kuzama mbele yake wala mbele ya mwenyewe. Ni nuksi. Pale Liwatoni hata kikombe kikitumbukia husikii mtu akisema kimezama; watu husema kimeteremka. Mama mmoja alianza kusoma dua chinichini. Mzee Ngumbao akauliza, kwa upole ulionitisha, ni nani huyo anayecheka.

Nyumbani nimeligundua kosa. Nilipoongeza boti nilinakili namba za sabuni. Uzito nikabadilisha, ukubwa nikasahau. Boti nzima, uzito wake wote, imekaa ndani ya ukubwa wa kipande cha sabuni. Ingezama hata kwenye uji.

Mejumaa anasema dawa ni moja: nichukue sahani ya halua, niende kwa Mzee, nimwombe radhi. "Wenda, waketi, wasema nimekosa. Lina ugumu gani hilo?" Nimekataa. Kuomba radhi ni kwa watu wasio na mpango.

Alhamisi, 7 Agosti

Nuksi iliingia kwa simu, itatolewa kwa simu. Nimerekebisha. Kwanza niliandika ukubwa wa kweli na boti ikaelea, alhamdulillahi. Lakini tovuti inaruhusu kupakia vitu juu ya vitu, na nilipopakia mizigo mingi ikazama tena. Siwezi kuhatarisha. Kwa hiyo penye uzito nimeandika uzito wa unyoya, na penye ukubwa nimeandika ukubwa wa gati. Sasa haizamishwi na kitu!

Nimewatumia wazazi wote kiungo chake. Kufikia adhuhuri Sidi alikuwa ameipakia ng'ombe, lori, kontena, shule nzima ya Bi Nasiha, na Levi mwenyewe. (Picha ya Levi niliiongeza mimi.) Vigelegele kila mara. Bondeni nzima inalia vigelegele. Mejumaa ameulizwa sokoni nani ameolewa.

Levi amenipigia simu. Eti ninawadanganya watoto. Eti kila chombo kina kiasi chake cha mzigo, na hilo ndilo somo lenyewe. Nikamsikiliza kwa heshima, kisha nikamwambia wivu ni maradhi.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi! Mzee Ngumbao amenisimamisha barabarani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniuliza hali, akauliza nyumba, akauliza dada, akarudi kwenye hali. Nikajua moyo umesafika. Sidi amemwonyesha boti ikibeba ng'ombe, naye amecheka mpaka machozi. Anasema usiku wa Jumatano hakulala, aliwaza kwamba boti yake imeandikiwa mkosi. Sasa roho yake imetulia.

Amelialika darasa zima Liwatoni kesho. Biriani itakuwapo. Na palepale, mbele ya watu, watamtangaza mwalimu.

Nilitaka kumweleza habari ya unyoya. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mzee wa watu alikuwa na furaha, ningemharibia? Nimepiga pasi kanzu. Mejumaa ameniuliza kama nimeomba radhi. Nimemwambia tumeshapita huko.

Jumamosi, 9 Agosti

Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa, vijana wakaisukuma boti majini. Ikaelea! Vigelegele vya kweli. Nilisimama karibu na Mzee, mikono nyuma, kama mtu aliyehusika.

Basi Mzee, kwa raha aliyokuwa nayo, akawaambia watoto: "Haya, leteni mizigo, muione sayansi kwa macho yenu!" Boti ilikuwa imefungwa kwa kamba, maji ya kifua, hakuna hatari. Watoto wakapanga mstari nchi kavu, watu wazima wakawa wanapokea na kupakia. Makreti ya soda. Magunia ya barafu. Nanga mbili za jirani. Boti ikashuka kidogo. Levi akaanza kupiga kelele kwamba inatosha. Watu wakamtazama kama mtu anayetaka kuturudishia nuksi. Akapanda ndani kuanza kushusha mizigo kwa mikono yake mwenyewe, na tai yake, na uzito wake. Boti ikashuka zaidi.

Mzee akanigeukia. Akaniuliza, mwalimu mtarajiwa, waonaje, tuendelee?

Watu wote walinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo maishani. Nikasema, "Ongezeni!"

Wakaongeza sufuria la biriani.

Iliteremka taratibu, upande wa nyuma kwanza, ikakaa juu ya mchanga. Levi akabaki amesimama ndani yake, maji ya kiunoni, tai inaelea mbele yake. Vitunguu vya kukaanga vilielea. Nyama ilizama. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyekula.

Kisha Sidi, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo: "Mwalimu, mbona kwenye simu haizami?"

Wote wakanigeukia. Nikaeleza habari ya unyoya. Nilieleza vizuri, nadhani. Mzee Ngumbao alikaa juu ya kreti tupu, akavua kofia, akaitazama boti yake. Hapo nilisikitika, nasema kweli. Nilisikitika kwa muda mrefu, karibu mpaka nyumbani.

Lakini niandike na hili: mtoto ameniita Mwalimu. Mbele ya watu wote.

Jumatatu, 11 Agosti

Kazi amepewa Levi. Na beseni lake. Bi Nasiha aliniita ofisini kunieleza mwenyewe, ni mama mwenye adabu. Aliniambia tangu Jumamosi hakuna mtoto Bondeni asiyejua kwamba chombo kikizidiwa mzigo kinazama, na kwamba hata angewafundisha mwaka mzima wasingelishika somo hilo hivyo. Nikamshukuru. Akasema hakuwa ananisifu. Nikamshukuru tena, maana sifa ni sifa.

Boti imekaushwa, inaelea, haina hata mkwaruzo. Mzee Ngumbao ametuma salamu kwamba nisikanyage Liwatoni mpaka boti hiyo izeeke. Mejumaa amerudi na neno lake la radhi. Halua ameshainunua, imefungwa tayari, iko mezani. Nimeionja. Nzuri sana.

Nimekaa nikawaza, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa maji. Maji yana mambo mengi: uzito, ukubwa, mzigo, tai za watu. Somo la wiki ijayo la Levi ni joto, na joto halina ubishi. Kitu kinashika moto au hakishiki. Tovuti ile ina ukurasa wake: mtoto anachagua kitu, anakiwashia kiberiti kwa kidole, anaona. Nikiutengeneza vizuri, Bi Nasiha atanirudia mwenyewe.

Na Mzee nitampoza kwa ukurasa huohuo. Mtu mkubwa hupozwa kwa kuheshimiwa hadharani. Ana ghala jipya la nyavu, limeezekwa makuti, zuri ajabu. Nimeshalipiga picha kutoka barabarani, bila kukanyaga Liwatoni.