Kumtisha Jemima kwa Mto Mkavu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Mgongo. Siku nzima kupandisha matofali Hodge Hill, hapa Birmingham, kwa mtu anayetaka jiko kubwa kuliko nyumba yetu yote ya Shard End. Nimerudi nimelowa mpaka soksi. Ngugi, ninayekaa naye chumba kimoja, amekula ugali wangu na kuloweka sufuria, kana kwamba kuloweka ni kuosha.

Hilo si kitu. Jemima anaondoka! Yule muuguzi wa kanisani kwetu, wa Acocks Green, ambaye nimemtengenezea mfereji wa jikoni mara tatu bila kusema neno lililonipeleka pale. Amepewa kazi Australia. Si mjini. Porini! Mahali panaitwa Dingarra. Anatakiwa kujibu wiki hii.

Nimemwambia asikimbilie kujibu, huko ninakujua. Akauliza nimekujuaje. Nikasema binamu yangu Arnold aliishi huko.

Sina binamu anayeitwa Arnold.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma Dingarra kwenye simu, nikiwa nimejifungia choo cha mjengo. Jiografia niliiacha kidato cha pili pamoja na masomo mengine yote, lakini hii hata mtoto angeielewa. Eneo: kubwa kama mkoa mzima. Watu: kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Kwetu Vihiga hao wanakaa meza moja, na jikoni kuna wengine. Udongo mwekundu. Ngamia wasio na mwenyewe. Mto upo, mstari mzuri wa buluu kwenye ramani, lakini ndani yake ni mchanga mtupu. Mto bila maji! Nywele zimenisimama. Hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayehamia kando ya kitu kama hicho.

Bwana Gurnam akagonga mlango. Ndiye msimamizi wetu, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili ananishinda. "Wewe kijana, unajifungua huko ndani?" Nina miaka arobaini na moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Jemima. Nimeanza na jirani. Nikasema jirani wa Arnold alikuwa mwendo wa nusu siku kwa gari. Akarudia: nusu siku? Nikafurahi. Kisha akauliza polepole kama kuna mtu wa kuburuta viti juu ya kichwa chako, kama yule wa ghorofani kwake. Hakuna, nikasema, hata ukifa utagunduliwa kwa harufu. Akacheka!

Nikaleta vumbi. Jekundu, Jemima, linaingia mpaka kwenye chai. Akauliza ni jekundu la matofali au lile la kuelekea kahawia. La matofali, nikasema. Akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Basi nikatoa silaha kubwa. Mto. Nikamweleza ule mchanga wote, ukingo hadi ukingo, jua likiuchoma. Halafu nikamsikia akivuta kamasi. Analia! Nikajipongeza kimoyomoyo, nikamwambia pole, si lazima aende.

Wapi! Jemima ni wa Mwingi. Mto wa kwao ni wa mchanga. Wanachimba kwa bakuli mpaka maji yanachungulia, safi, baridi, ng'ombe wamepanga foleni nyuma. Tangu afike Birmingham, akasema, maji yanamwangukia kila siku na hakuna hata tone alilolichimba.

"Asante sana, ndugu Bethuel. Hakuna aliyewahi kunieleza mahali vizuri hivi."

Ndugu!

Jumapili, 9 Machi

Jana nilijaribu nyoka. Nilimtumia ujumbe kwamba Arnold aliumwa huko, akapotea nyikani, na mpaka leo anachechemea. Leo kanisani Jemima amesimama na kuomba Arnold akumbukwe katika maombi. Mchungaji akalichukua kwa uzito. Kanisa zima mikono juu. Mama mmoja akalia. Nikalia pia, ningefanyaje?

Ngugi akaninong'oneza: "Buda, binamu zako wote nawajua. Huyu Arnold ni wa mama gani?" Nikamwambia afumbe macho.

Baada ya ibada Jemima akaniita kando. Moyo wangu! Akasema habari za Arnold zimemwamulia: mahali kama pale panahitaji muuguzi. Amekubali kazi. Kisha akatazama viatu vyake. Kliniki inatafuta pia fundi wa kurekebisha seng'enge, pampu na mabati. Amenifikiria mimi. Angependa, akasema, kuwe na mtu wa kuongea naye jioni.

Hapo! Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Nimeingoja siku hii tangu mfereji ulipovuja mara ya kwanza. Lakini niliona nini? Nyoka. Vumbi kwenye chai. Jirani wa nusu siku. Na Arnold, maskini, akichechemea kwenye mto mkavu. Mdomo ukasema: "Mgongo wangu, Jemima."

Akasema anaelewa. Nyuma yetu alisimama Ngugi na mandazi mkononi. Ngugi amekulia Laikipia, akivuta seng'enge za ranchi. Alisema ndiyo kabla hajaulizwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mgongo umepona kabisa, hauna hata aibu. Nikampigia Jemima kumwarifu. Akafurahi kwa ajili ya mgongo. Nafasi imeshachukuliwa, akasema.

Bwana Gurnam akauliza mbona nakoroga saruji kama mtu anayechimba kaburi. Nikamsimulia yote. Akacheka mpaka akashika ukuta ambao haujakauka. Akasema nimepotea njia, kijana, ningeajiriwa na watu wa kuuza tiketi za ndege.

Sikati tamaa. Ngugi bado hajatia sahihi, na nimeshaanza kumtisha. Jioni hii nimemwambia Dingarra hakuna watu, hakuna basi, hakuna msimamizi, hakuna hata wa kukuuliza habari za sufuria. Akaniomba nirudie, polepole, akiwa amelala chali na macho ameyafumba.

Hajui kinachomngoja. Kesho namwambia habari za mto.