Beberu Mkaguzi na Kimeng'enya Kilichopotea

Jumatatu, 3 Juni 2024
Sijamwambia mtu: tangu nimalize kidato cha sita, ninayezungumza naye kwa dhati ni beberu. Anaitwa Mkaguzi. Recheli, tuliyekaa naye dawati moja, yuko Dar. Hajibu ujumbe. Leo Baba kasema majike yetu matatu hayajashika mimba tangu Mkaguzi aje mwezi wa kumi na moja. Jumatano ya wiki ijayo Selemani wa buchani anakuja kumchukua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata jibu! Nimesoma kwenye simu ya Mama. Seli hunakili maagizo ya jeni kwenye RNA. Juu ya nakala hubandikwa alama ndogo za kemikali, na kipo kimeng'enya cha kuzifuta. Panya dume wanaokikosa, mbegu zao huwa chache na dhaifu. Ndivyo alivyo Mkaguzi. Nikamweleza Baba. Akauliza kama alama hizo zinaonekana. Nikasema hapana. Akasema naye haoni sababu ya kumbakiza.

Jumapili, 9 Juni
Kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa madini ya chuma. Mchicha una chuma. Wa nyumbani walipokwenda misa nilisingizia tumbo, nikamfungulia Mkaguzi bustani ya Mama. Kamaliza tuta zima na nusu ya kanga iliyoanikwa. Mama kauliza nilisomea sayansi au uharibifu. Mkaguzi aliyatazama majike, akalala.

Jumatano, 12 Juni
Nilimwita Mzee Damas, anayetibu mifugo hapa Kwihara, anitetee kwa Baba. Nilimwamkia, nikamweleza RNA yote. Alisikiliza hadi mwisho. Zaidi ya Mkaguzi, hakuna aliyewahi. Kisha akasema kwa upole: mjukuu wangu, huyu nilimhasi mwenyewe kule Goweko, kabla hajauzwa. Koleo hubana mishipa ya korodani tu, kwa nje huoni kitu. Nikamsihi asimwambie Baba. Akacheka mpaka akakohoa, akaenda zake.

Selemani alipofika, nilikuwa tayari. Nikamwambia Baba nimesoma zaidi: alama zikivurugika, hata yai la jike haliivi vizuri. Kwa hiyo wenye kasoro ni majike. Baba kayatazama moja baada ya jingine, kisha kamwambia Selemani arudi baada ya mwezi.

Kesho naanza kuyatibu majike. Mchicha wa jirani yetu, Mama Veneranda, umestawi sana.

Wewe uliyesoma hapa, habari ya koleo ibaki kwako, tafadhali. Baba asiisikie. Wala Mkaguzi. Nadhani hajui.