Koti Juu ya Kibao

Siku uongozi wa uwanja wa ndege ulipotangaza kwamba kila gari litakalosogea mlangoni kushusha abiria litalipia, mji mzima ulinuna. Watu wanaonunua tiketi ya ndege bila kupepesa macho walitokwa na povu kwa sababu ya ada ya kusimama dakika tano. Walilalamika redioni, wakalalamika kazini, wakalalamika mezani mbele ya watoto. Mtu mmoja tu hakununa. Alizima redio, akavaa viatu, akaenda kujionea mwenyewe.

Mtu huyo waliomjua walimwita Mkaguzi. Hakuwa amekagua kitu chochote tangu azaliwe, lakini alikuwa na kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, alichokichomoa kwenye rundo la mitumba, na mgongoni kiliandikwa UKAGUZI, bila kusema ukaguzi wa nini. Ukivaa kitu cha namna hiyo na kushika karatasi mkononi, watu hukupisha wenyewe.

Alichokiona ni hiki. Kabla ya kufika kwenye geti la kulipia, barabara ilikuwa na kona ya kushoto inayoingia kwenye kiwanja cha changarawe. Penye kona palisimama kibao kidogo, nusu yake kikiwa ndani ya kichaka: KUSHUSHA NA KUPOKEA ABIRIA BURE, NUSU SAA. BASI LA BURE HADI MLANGONI KILA DAKIKA KUMI. Uongozi ulikuwa umelazimishwa kuweka sehemu hiyo, na haukuwa na haraka ya kumwambia mtu.

Mkaguzi alikisoma kibao mara mbili, taratibu, kama mtu anayesoma wosia uliomtaja. Kisha akavua koti lake, lile la harusi, alilolishona mama mkwe wake kwa mikono yake, akalitundika juu ya kibao. Lilienea barabara, kana kwamba lilipimwa kwa ajili hiyo.

"Shikamoo mzee," aliliambia gari la kwanza lililopunguza mwendo. "Unaenda kulipa kule mbele?"

"Sasa nifanyeje, na ndege haingoji?"

"Mimi sijasema kitu. Ila kuna njia ya ndani hapa. Nusu bei, na basi linakufikisha mpaka mlangoni."

Mzee aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akashusha sauti. "Haina matatizo?"

"Mzee wangu, ingekuwa na matatizo ningevaa hiki?"

Tuseme haki: Mkaguzi hakudanganya. Bei kweli ilikuwa nusu, basi kweli lilikuja. Watu walimpa pesa wakitabasamu, tabasamu ambalo mwenye kibanda cha kulipia kule getini hajawahi kuliona, kwa sababu waliamini wanaiba. Baba wazima, wenye suti na heshima zao, walimkonyeza walipopita. Angewaambia ni bure wangeshuku. Kwa nusu bei walimshukuru.

Walinzi wa uwanja walidhani ni mtu wa kampuni ya mabasi. Dereva wa basi alidhani ni mtu wa uwanja. Mlinzi wa geti la kutokea kiwanjani, mzee mpole mwenye filimbi shingoni, alimpigia saluti kila asubuhi, na Mkaguzi aliipokea kwa unyenyekevu unaofaa cheo chake. Baada ya wiki mbili akanunua kitabu cha risiti. Baada ya tatu akaanza kuwauzia wanaosafiri hata ruhusa ya kuacha magari yao kiwanjani mpaka warudi. Alijua vizuri kwamba mashine ya getini huanza kuhesabu nusu saa ikiisha, na haichoki. Yaliyowakuta wenye magari waliporudi hakuyajua, maana hakuuliza.

Alikuwa na dosari moja ya kikazi. Hakukumbuka nyuso hata kidogo, alikumbuka masanduku. Katika kazi yake uso haukuwa na faida, lakini sanduku lilimweleza mtu anakwenda wapi, ana haraka kiasi gani na anaweza kutoa ngapi. Hata kwenye risiti hakuandika majina. Aliandika: "mwenye begi jekundu", "wenye maboksi mawili", kisha sahihi ndefu yenye mkia.

Mambo yalimnyookea hadi Jumamosi moja, saa saba na robo mchana, simu ilipolia. Alikuwa mkewe.

"Mama anatua saa nane. Gari liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi? Miaka mitatu lipo. Mara lipo kwa fundi, mara umemwazima rafiki, mara linapigwa rangi. Mimi ndiye ninayemwambia mama lipo. Leo asipolikuta naondoka naye, na nguo zangu nimeshazikunja."

"Mke wangu, lini nimekuangusha?"

"Usinifungulie hiyo orodha." Simu ikakatwa.

Hapo Mkaguzi aliogopa kweli. Wengine wote aliwachukulia kama magari yanayopita, lakini mkewe alimpenda, na mkewe hakuwa mtu wa kutishia tu. Rafiki yake mwenye teksi, aliyeahidi kumwazima, alikuwa amezima simu tangu asubuhi. Alimpigia tena, kisha mara ya tatu, akaishia kuitukana simu kwa sauti. "Gari tu! Gari moja, kwa saa moja, nimwonyeshe mama mkwe, basi!"

Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, ana mkoba mdogo na karatasi mkononi. Hakuwa na sanduku lolote, kwa hiyo Mkaguzi hakuona kitu cha kuangalia. Mama yule alimtazama kwa muda, kisha akairudisha karatasi mkobani taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayesimamia hapa?"

"Ndiye mimi. Karibu sana."

"Nina gari humo ndani. Lile jeupe, chini ya nguzo ya taa." Alinyoosha kidole. "Limenichosha. Sijui nitalirudia lini, na nataka kuliacha kwa mtu. Gari likikaa tu betri hufa. Ningepata mtu wa kulizungusha mjini angenisaidia sana."

Mkaguzi alimeza mate. Gari lilikuwa na vumbi, lakini vumbi hufutika.

"Mama, kulizungusha ndiyo kazi yetu."

"Ila dunia imeharibika, mwanangu. Niandikie karatasi. Jina lako kamili, namba ya kitambulisho, na kwamba kuanzia sasa gari hili na mambo yake yote ni juu yako. Na uniachie chochote, roho yangu itulie."

Tangu aanze kazi hii Mkaguzi hakuwahi kuandika jina lake halisi kwenye karatasi ya kazi. Lakini saa ilisema saba na dakika arobaini, na nguo za mkewe zilikuwa zimeshakunjwa. Aliandika kwenye kitabu cha risiti, na nakala ikajiandika chini. Mama akaomba kitambulisho, akalinganisha herufi kwa herufi, namba kwa namba, akakirudisha, akachukua karatasi na nakala yake. Kisha Mkaguzi akatoa makusanyo yake ya wiki nzima, akampa yote isipokuwa ya kulipia saa moja getini, maana yeye si mjinga.

"Funguo hizi. Tiketi ya kiwanja na karatasi zake zimo kwenye bahasha hii," mama alisema, akiitoa mkobani na kufunga zipu. "Ahsante. Hujui mzigo ulionitua."

Akaondoka kupitia geti la kutokea, kuelekea kituo cha mabasi ya mjini, siyo uwanjani. Mkaguzi hakuliona hilo. Alikuwa tayari anafuta vioo kwa shati lake.

Mama mkwe alitua kwa wakati, na masanduku matatu. Miaka arobaini ya kukaa kwenye cherehani ilikuwa imempa mgongo ulionyooka na macho yasiyopitwa na uzi. Mkaguzi alimpokea mlangoni, akampandisha basi la bure, akamshusha kiwanjani mbele ya gari jeupe. Mama mkwe alilizunguka mara moja. Akafungua mlango wa nyuma, akapapasa kiti.

"Vitambaa vya viti vimeshonwa ovyo," alisema. "Lakini gari lipo. Nilikuwa nakushuku, mwanangu, nisamehe."

"Mama, mimi hata sijui kudanganya."

Akaketi usukani, kifua mbele. Kwenye geti la kutokea alichomoa tiketi kwenye bahasha, akaitumbukiza kwenye mashine. Mashine ikatafakari. Kisha ikaandika tarakimu, ikaongeza nyingine, na nyingine, mpaka kioo kikawa hakina nafasi.

"Imeharibika," alisema Mkaguzi, akaipiga kofi.

Mzee mwenye filimbi akaja, akapiga saluti, akachungulia. "Haijaharibika, mkubwa. Gari hili lina mwezi na siku mbili humu. Nilikuwa nataka nikuulize ni la nani. Hata likiuzwa halifikii hiyo hela."

Mkaguzi aliipekua bahasha kama anayetafuta dawa. Ilibaki karatasi moja. Kabla hajaikunja, mkono ulitoka kiti cha nyuma ukaichukua, na mama mkwe akavaa miwani yake.

"'Mwenye sanduku la kijani lililofungwa kamba,'" alisoma kwa sauti, "'ameruhusiwa kuacha gari hapa bure mpaka atakaporudi. Amelipia. Mkaguzi.'" Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Mwandiko huu naujua. Ndio wa barua zako zote."

Sanduku la kijani! Lenye kamba! Sasa alimkumbuka: mama aliyekuwa anakwenda kumwona bintiye aliyejifungua, mwenye maswali mengi, aliyemwambia "mama, nenda ukacheze na mjukuu, gari niachie mimi." Sanduku lilimrudia lote, hadi fundo la kamba. Leo alikuja bila sanduku, na uso wake hata sasa haukumjia.

"Mwenye gari ni nani, mkubwa?" aliuliza mlinzi. "Lazima niandike. Kuna mama alipita hapa mchana kaniachia nakala, anasema gari na mambo yake yote yana mtu."

Mkaguzi alitazama kwenye kioo cha ndani. Macho ya mama mkwe yalikuwa yanamngoja humo. Akisema si langu, miaka mitatu ya uongo inamwagika pale pale na mke anaondoka. Akisema langu, deni ni lake. Aliamua kufa na tai shingoni.

"Langu," alisema.

"Basi weka sahihi hapa. Halitoki mpaka lilipiwe, na wewe pia usiende mbali."

Mama mkwe alishuka, akashusha na masanduku yake. Alitembea hadi kwenye kona ya barabara, pengine kutafuta teksi, na huko akasimama. Alisogelea kichaka. Alishika kola ya koti, akaigeuza, akaangalia mshono wa ndani. Kisha akalivua kutoka kwenye kibao polepole, kama unavyomvua mtoto aliyelala, na akasoma kilichokuwa chini yake. Magari matatu yaliyokuwa yanapunguza mwendo nayo yakasoma. Madereva wakaanza kupiga honi, na mmoja akashuka akiwa na risiti yenye sahihi ndefu yenye mkia.

Mkaguzi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Si kwa madereva. Kwa koti.

Mama mkwe alirudi na koti mkononi. Alilikung'uta vumbi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya masanduku yake. Basi la bure lilikuwa limefika, na dereva akamsaidia kupakia.

"Mama, nisubiri, twende wote," Mkaguzi alisema.

"Hapana, mwanangu. Mimi nitapata teksi kule mlangoni. Nakwenda kwa binti yangu, na nitakutetea." Alipanda ngazi moja, akageuka. "Nitamwambia hukudanganya hata kidogo. Gari lipo, nimeliona kwa macho yangu. Na nitamwambia ndimo utakamolala."

Mlango wa basi ukafungwa. Kwenye geti, mashine ikalia mara moja, ikaongeza saa nyingine.